Kitambaa Juu ya Deki

Deki yetu ya kaseti ilifunguliwa kwa juu, kama sufuria, na hapo ndipo mama yangu alipokosana nayo. Nyumbani kwetu Nakuru hakuna kitu kilichokaa uchi: viti, redio, hata thermosi, vyote alivivisha vitambaa alivyofuma mwenyewe. Deki nayo ikavishwa, na juu yake akaweka vesi ya maua ya plastiki. Kila baba alipotaka muziki, sharti aombe ruhusa.

"Si ungenunua ya kufungukia mbele?" mama alimwuliza.

"Mhindi alikuwa na hii tu."

Uongo mtupu. Baba aliipenda kwa vitufe vyake vizito na zile sindano mbili, ya kushoto na ya kulia, zilizorukaruka kufuata sauti ndani ya vidirisha vyenye taa ya manjano. Sauti yake yenyewe haikuwa nayo. Bila amplifaya na spika, ilikuwa bubu.

Mama alifariki majira ya mvua. Kwetu nyumba yenye msiba haipigi muziki, kwa hiyo shangazi alichomoa nyaya za spika kabla wageni hawajafika. Watu walikunywa chai, wakaimba, wakaomba. Mimi niliosha vikombe. Sikulia. Nilijichukia kwa hilo, kisha hata chuki ikaisha.

Wageni walipopungua, nilimkuta baba sebuleni, vesi iko sakafuni, kitambaa amekikunja magotini. Kaseti ilikuwa inazunguka. Sindano zilipanda, zikalala, zikapanda tena, kimya kabisa.

"Ni mama yako," alisema. "Nilimrekodi siku ile nikijaribu maiki."

"Niunganishe spika?"

"Wacha kwanza. Sitaweza."

Tukakaa tukimtazama akiongea. Nilitaka sana kumsikia, lakini sikumwambia baba. Tuliendelea hivyo mpaka matanga yalipoanuliwa, na shangazi akarudi kwake.

"Haya," baba akasema, "unganisha."

Kwanza ulikuja mvumo, halafu yeye, kwa ile sauti yake ya haraka: "Hii kitu imeshika? Mbona unanitolea macho? Na nani anaangalia maziwa huko jikoni?"

Nikainuka. Nilikuwa nimefika jikoni ndipo nikakumbuka kwamba jiko halijawashwa. Nikasimama pale. Sebuleni baba alirudisha kaseti nyuma, na mama akauliza tena.