Aliye Chini ya Mguu wa Shiva

Kila mwaka mwalimu Klara anapowaleta wanafunzi wake kutoka Ilala kutazama hekalu la Wahindu pale Mchafukoge, humkuta mlangoni mama yule yule anayetembeza wageni, pindo la sari mkononi. Hutembea akiburuza miguu, na sauti yake imechakaa kwa kurudia maneno: masikio makubwa ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, ni ya kusikiliza sana, mdomo mdogo ni wa kusema kidogo. Akiona vumbi kwenye sanamu za ukutani hulifuta kwa pindo lile lile, taratibu, kama anayemfuta mtoto kamasi.

Mwaka huu walipofika kwenye sanamu ya mungu Shiva anayecheza, mama alionyesha kibwengo aliyekanyagwa chini ya mguu wake. "Huyu ni usahaulifu, ndio ujinga wenyewe," akasema. Wanafunzi walikwishachoka na joto, basi Klara akauliza ili kuwachangamsha, "Sasa mama, mbona anamkanyaga tu? Si angemuua yakaisha?" Siku zote mama alikuwa na jibu tayari, kwamba pasipo ujinga hakuna atakayethamini maarifa. Safari hii aliufuta uso wa kibwengo.

"Hata mimi namuuliza Shiva hivyo, mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Leo asubuhi mume wangu kaniuliza mimi ni nani."

"Pole, mama. Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mimi jirani, nimemletea chai." Akashusha pumzi. "Akanishukuru sana. Akaniambia, mume wako ana bahati."