Mwanamke Aliyefungua Maji

Mwezi uliopita nilishuka Same mjini siku ya gulio, nikapita karibu na magunia ya tangawizi mbichi yaliyokuwa yakiteremshwa kutoka milimani. Harufu ile ya udongo wenye maji, na ukali unaokuja nyuma yake taratibu, ilinisimamisha. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kwa kitambo nilikuwa tena darasa la sita, huko juu, ukungu ukiingia madirishani bila hodi na mwalimu wetu wa Kiswahili akifuta ubao kwa kiganja.

Mashamba ya tangawizi yaliizunguka shule yetu, tukasoma tukiinusa. Siku nyingine ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba wenzetu wa nyuma walibaki sauti tu, na wenye akili walijibu maswali kwa kuiga sauti za wengine.

Mimi nilikuwa bingwa wa sifa za wahusika. Ukinipa hadithi yoyote, nilikutajia nani mwema, nani mbaya na funzo ni lipi kabla wenzangu hawajafungua madaftari. Mwalimu alipenda majibu mafupi, nami nilikuwa nayo tele.

Siku hiyo tulisoma hadithi ya mwanamke aliyefungua maji ya jirani yake wakati wa kiangazi. Kwetu haikuwa hadithi ya mbali. Tulikuwa na ndiva, bwawa la kukinga maji ya kijito, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kuyateremsha shambani kwa mfereji. Ukigusa zamu ya mwenzako uliitwa mbele ya wazee ukatozwa mbuzi.

Mwalimu akaligeuza darasa kuwa baraza. Mimi nikapewa kumshitaki yule mwanamke. Kumtetea akapewa Nakijwa, tuliyekaa naye dawati moja na ambaye hata nyumbani tulikuwa majirani. Nakijwa alikuwa mpole, aliongea kama anayeogopa kuamsha mtoto aliyelala.

Nilisimama nikasema, "Ni mwizi, ni mbinafsi, tena ni mnafiki, maana kesho yake alimsalimia jirani kama kawaida. Funzo ni kwamba tusiguse cha mtu."

Darasa likanipigia makofi. Nakijwa akasimama akikunjakunja pembe ya daftari, watu wakaanza kucheka.

"Mwalimu, yule si mnafiki," akasema. "Alisalimia kwa aibu."

"Imeandikwa wapi?" mwalimu akauliza.

"Haijaandikwa. Ila mwaka ule wa ukame, baba akiwa amelazwa, mama yangu alifungua maji ya watu. Mimi nilimshikia jembe. Kesho yake alisalimia vilevile, halafu akaingia ndani akalia."

Hakusema maji ya nani, na hakukuwa na haja. Mfereji uliopita kwao uliishia kwetu. Mwaka ule maharage yetu yalikauka yakiwa bado na maua, na makande yetu yakawa mahindi matupu. Aliyekuta haragwe kwenye sahani yake alijiona mteule. Mama alituambia kwamba fuko alitoboa ukingo wa mfereji, nami nilimaliza likizo nzima nikimvizia fuko huyo kwa fimbo.

Kengele ilipolia, Nakijwa aliondoka bila kunisubiri. Mimi nilikimbia nyumbani, nikamkuta mama akiosha tangawizi kwenye beseni. Nilimweleza yote bila kupumua, nikamalizia, "Kwa hiyo hakukuwa na fuko."

"Nilijua," mama akasema, akiendelea kuosha. "Nyayo zilikuwepo kwenye tope. Za mtu mzima, na nyingine ndogo pembeni."

"Sasa mbona ulisema fuko?"

"Wangemtoza mbuzi. Nyumba ile ilikuwa imebaki na mbuzi gani?"

"Lakini ulidanganya, mama."

"Nilidanganya," akasema, kama anayekubali kwamba jana mvua ilinyesha.

Nililala na hasira. Moyoni nilikuwa nimeshajaza daftari: mama, mwongo.

Kesho yake Nakijwa hakuja shule, wala keshokutwa. Siku ya tatu jioni mama alijifunga khanga, akaniambia nimfuate. Mama Nakijwa alitupokea mlangoni, macho yake chini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayesubiri hukumu.

"Nimekuja na shida, mwenzangu," mama akasema. "Huyu mwanangu anaogopa kuvuka mawe ya kijito peke yake. Msimu huu yanateleza. Naomba Nakijwa awe anampitia asubuhi."

Nilifungua mdomo nikanushe. Mawe yale nilikuwa nikiyaruka tangu darasa la kwanza, tena na ndoo ya maji kichwani. Mama akanibana mkono. Mama Nakijwa alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Atampitia," akasema. "Nitamwamsha mapema."

Wakaongea habari za mvua na za ugonjwa wa migomba mpaka chai ikaiva. Habari ya mfereji haikuguswa, siku ile wala siku nyingine yoyote niliyokuwepo.

Asubuhi Nakijwa alikuja. Kijitoni alitangulia, akageuka, akaninyooshea mkono kwa uangalifu wa mtu aliyekabidhiwa yai. Nikaushika nikiwa nimenuna. Darasani hakuna aliyemgusa kwa neno, maana walituona tukiingia pamoja, nami nimemshika mkono.

Kwa miaka mingi niliihesabu siku ile kuwa ndiyo siku ambayo mama aliniaibisha bila sababu. Nilipata watoto wangu mwenyewe kabla sijaelewa kwamba, ili Nakijwa arudi shule akiwa ameinua uso, ilibidi mtoto mmoja aonekane mwoga, na mama akamchagua wa kwake.