Tangazo Lililofika Mnadani

Kazi ya masjala niliipata kwa sababu mjomba wangu alikuwa dereva katika ofisi ileile ya umma, mjini Sumbawanga. Jumapili moja baada ya misa alikuja kwetu Pito, akamwambia mama kwamba kesho yake litabandikwa tangazo la msaidizi wa kumbukumbu, niandike barua mapema. Nikaandika. Usaili niliufanya mwenyewe na nikafaulu, wala sikumpa mtu chochote. Kwa miaka mingi nilijiona mtu aliyeingia kazini kwa jasho lake.

Wazo hilo lilinitoka siku binti mmoja alipofika dirishani kwangu wakati wa mvua, viatu mkononi, matope yamempanda hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Nimeleta barua ya maombi ya kazi ya masjala."

Bahasha alikuwa ameifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ilikuwa kavu kabisa. Lakini muda wa kupokea maombi ulikuwa umekwisha jana yake, nami nikamwambia hivyo. Hakulia wala hakubishana. Aliuliza tu tangazo lilibandikwa wapi. Nikamwonyesha ubao wenye kioo karibu na mlango. Akautazama kwa muda.

"Sisi ni wafugaji, mama, tunakaa mbele ya Muze, kuelekea ziwani. Nimesikia juzi kwa mwalimu aliyenifundisha. Nikapanda lori la mpunga, likakwama mlimani." Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kisukuma, maana wazazi wake walihamia huko bondeni na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. "Hao waliowahi, wao walijuaje?"

Jibu nilikuwa nalo kwenye simu. Tangazo lilipita kwenye kundi letu la watumishi siku mbili kabla ya kubandikwa, na mimi mwenyewe nilimtumia dada yangu, kwa ajili ya binti yake.

Nikamwomba binti aniachie barua na namba ya simu. Kisha nikaenda kwa afisa utumishi, mtu mwema ila mwenye haraka.

"Tangazo liko ubaoni," alisema. "Asiyelisoma tumfanyeje?"

"Ubao uko mjini, mzee. Tunaowahudumia wengi hawako mjini."

"Kwa hiyo nikalitangaze mnadani kwa kipaza sauti?"

Alisema kwa mzaha. Nikamjibu kwamba ndiyo, mnadani, na kanisani, na msikitini.

Akaniangalia. "Wewe uliingiaje hapa?"

Nikamweleza habari ya mjomba. Sikuwahi kuisema mbele ya mtu. Akafungua na kufunga kalamu yake, halafu akasema polepole, "Mimi aliniambia baba mdogo."

Wiki hiyo akaongeza muda wa maombi. Nakala za tangazo zikapelekwa kwa watendaji wa vijiji na kwa makatekista, na watumishi tukakatazwa kurusha tangazo lolote kwenye simu kabla halijabandikwa. Gari lilipokuwa linashuka bondeni kwa shughuli nyingine, niliomba nafasi nikabeba karatasi mwenyewe, tukapita Ilemba na Muze. Mnadani mtangazaji alilisoma katikati ya bei za ng'ombe. Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza kama na wao waliohamia wanahusika. Mtangazaji akarudia mstari wote, neno kwa neno: kila Mtanzania mwenye sifa, mwanamke au mwanamume.

Barua zikaja, nyingine kwenye karatasi za daftari, mwandiko umenyooka kuliko wa kwetu ofisini. Kwenye mtihani majina yalifunikwa, kila karatasi ikapewa namba. Mimi nilijitoa kwenye usahihishaji, kwa kuwa mtoto wa dada yangu alikuwa mmoja wa waombaji.

Binti wa Muze akaongoza. Mtoto wa dada yangu hakupata.

Dada alinipigia jioni hiyohiyo. "Umemfungia mtoto mlango."

"Sikuufunga, dada."

"Mjomba alikufungulia wewe."

Alisema kweli. Tangu hapo hakukanyaga kwangu, na ulezi ulipovunwa hakuniletea unga kama kawaida yake. Iliniuma kuliko nilivyotegemea, na kuna siku nilijiuliza kama nilifanya vile kwa ajili ya haki au kwa kutaka kujitakasa.

Binti alijifunza kazi haraka. Mwanzoni wenzetu walicheka lafudhi yake, wakaacha walipoona wafugaji waliokuwa wakisimama nje bila kuuliza sasa wanakuja moja kwa moja kwenye dirisha lake. Mafaili yaliyokuwa yakitafutwa siku nzima akayapanga kwa vijiji.

Nafasi nyingine zilipotoka, tangazo lilisomwa kanisani Pito. Mtoto wa dada yangu alikuja ofisini bila kunipigia simu. Akanisalimia, "Shikamoo, mama mdogo," akanipita, akamwuliza binti mtihani unahusu nini. Binti akamwomba asubiri kidogo. Akawaita na wengine waliokuwa wamekaa kwenye benchi, akawaeleza wote kwa pamoja mambo ya kusoma, nami nikaendelea kugonga mihuri.

Nafasi zilikuwa mbili, na mtoto akashika ya pili.

Siku hiyo dada akapiga simu.

"Amepata," alisema.

"Nimesikia. Hongera."

"Ulimsaidia?"

"Hapana."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga.

"Basi kazi ni yake," akasema, kisha akaniuliza kama Jumamosi nitakuwepo nyumbani.