Anayebaki Juu Hushuka Kwanza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na mke wangu akisikia hivi atanuna wiki nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mikono imekomaa, kichwa bado kibichi. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia umepewa ukapita, usimamizi wa watu kumi na wawili na mtaro wa kuchimba, na jana ulikuwa unapita mtaani na kofia mpya ya kazi kama bwana harusi. Kofia ni nzuri, ivae. Ila kaa kwanza unisikilize.

Ilikuwa miaka ya vita. Bujumbura hii unayoiona, ambamo watu wanakwenda watakako, wakati ule ilikuwa imekatwakatwa. Nitasema wazi, maana ninyi vijana mnaona haya hata kutaja. Musaga kwetu tulibaki Watutsi, Kinama walibaki Wahutu, na kila mtu alijua barabara ipi apite na ipi asithubutu. Buyenzi, mtaa wa Waislamu, ndiyo ilikuwa bado inampokea kila anayekimbia. Basi kampuni moja ikapata kazi ya kuchimba mtaro wa mabomba ya maji machafu, kutoka Mutanga Nord kuteremka chini. Kina chake kilikuwa cha watu wawili, mmoja amesimama juu ya mabega ya mwenzake. Wachimbaji walitoka Musaga na walitoka Kinama, kwa sababu huku na kule watoto walikuwa wanataka kula.

Kapita wetu alikuwa Mzee Saidi wa Buyenzi, mtu mfupi, wa sauti ya chini, hawezi kusema maneno matano bila kukohoa. Siku ya kwanza alitukuta tumejipanga wenyewe, watu wa Musaga mwisho huu wa mtaro, watu wa Kinama mwisho ule. Akatutazama, akakohoa, akatuchanganya. Kila mchimbaji wa chini alimpa mwenzake wa kubaki juu, ashike kamba na kuangalia udongo, na wawili hao lazima watoke mitaa tofauti. Kesho yake wanabadilishana. Tulinung'unika sana. Nani, miaka ile, angeshuka shimoni na kumwacha juu ya kichwa chake mtu wa upande wa pili, tena ameshika koleo?

Mzee Saidi alilijua hilo, ndipo akaleta sheria yake. Unajua kwetu mgeni hapewi pombe mpaka anayemkaribisha aionje mbele yake, ionekane haina sumu. Miaka ile watu waliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Akatuambia, "Mi sinywi pombe yenu, lakini naona vile munafanya. Mutu hapewi kama mwenyewe hajaonja. Na hapa ni vile vile. Ule anabaki juu, ashuke wa kwanza. Agonge kila mbao, apapase udongo, akae kidogo mule ndani. Akipanda, aseme nimeonja. Ndiyo mwenzake ashuke."

Kampuni nayo aliibana mpaka ikaleta mbao za kushikiza kuta na kabari za kuzikaza, maana aliwaambia wakubwa kwamba bila mbao hachimbi hata hatua moja. Kwa hiyo kampuni ilitoa mbao, sisi tukatoa macho, na yeye akakaa katikati akikohoa. Kazi ikaenda. Miezi mitatu hakuumia mtu.

Mwenzangu aliitwa Melkiori, wa Kinama. Kabla ya vita alikuwa seremala mwenye karakana yake, na aliziheshimu mbao zile kuliko alivyoniheshimu mimi. Hatukuwa marafiki, usidhani. Hatukuulizana habari za nyumbani. Lakini kila asubuhi mmoja wetu alimwambia mwenzake nimeonja, na mwenzake akashuka bila kuongeza neno.

Sasa siku yenyewe. Jana yake jioni mabomu yalikuwa yameanguka Musaga kutoka milimani, kwa waasi wa Kihutu, na moja lilibomoa nyumba ya kaka yangu. Shemeji yangu alipelekwa hospitali na mguu umepondeka. Mimi asubuhi nikaenda kazini, nikamkuta Melkiori amekunja suruali, ananisubiri nionje, kwa kuwa siku hiyo yeye ndiye alikuwa wa chini. Hakuwa amerusha bomu lolote, nalijua hilo sasa na nililijua hata wakati ule. Lakini nilipomtazama moyo wangu ulikataa. Nishuke mimi, nijipake tope, nimwandalie mahali huyu? Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na mtu yeyote mwenye akili angeonja mara mbili. Mimi nilisimama ukingoni nikiwa nimemgeuzia mgongo, nikajifanya ndiyo kwanza nimepanda, nikasema, "Nimeonja."

Akashuka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, mwanangu, kwamba alishuka vile vile kama siku zote, bila hata kunitazama viatu, na viatu vyangu vilikuwa vikavu.

Sikutaka afe. Niamini hapo. Nilitaka tu asitumikiwe na mimi siku ile. Lakini udongo uliolowa haukujua nilitaka nini. Haukupita muda nikasikia mbao inalia, ukuta wa kushoto ukateleza, na Melkiori akafunikwa mpaka kifuani. Uso ulibaki nje. Mdomo ulikuwa unafunguka, sauti haitoki.

Nilitaka kujitupa mle ndani. Mzee Saidi alinidaka ukosi. "Ukiruka tutafukua wawili," alisema, na kwa mara ya kwanza hakukohoa. Akaamuru mbao kwanza. Ukingo huu wakashika watu wa Kinama, ukingo ule watu wa Musaga, wakashusha mbao na kuzikaza kwa magongo kutoka ukuta hadi ukuta, na upande mmoja ukilegea tu, wa pili nao unaachia. Kwa hiyo hakuna aliyelegea. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za Melkiori kwa macho, na kila moja ilikuja imechelewa kuliko iliyotangulia. Mbao ziliposhika tukashuka wanne, tukafukua kwa mikono, kwa sababu koleo lingemkata. Kucha zangu mbili zilibaki mle.

Tulimtoa akiwa hai, mbavu zimevunjika. Tulipomlaza juu ya turubai alinitafuta kwa macho. Akauliza kwa sauti ya mgonjwa, "Ulionja?"

Watu wa Kinama walikuwa wamesimama nyuma yake, wamekamata makoleo. Watu wa kwetu walikuwa nyuma yangu, nao hawakuwa mikono mitupu. Ningeweza kusema ndiyo, mvua imelegeza. Nani angebisha? Na nilijua nikisema apana, pale pale kazi inaweza kugeuka vita, na wa kwanza kupasuliwa ni mimi. Lakini mtu alikuwa amelala pale, ameshuka kwa neno langu, nami nikaona nikimwongezea uongo wa pili nitakuwa nimemzika kabisa.

"Apana," nikasema. "Sikuonja. Nilikuwa na hasira ya jana."

Mmoja wa Kinama akapiga hatua mbele na koleo lake. Mzee Saidi akaingia katikati yetu, kafupi hivyo, akamwambia, "Amesema mwenyewe. Mutu mwenye anasema mwenyewe, na yeye tunaweza kufanya kazi. Mutu wa kuficha ndiye atatumaliza wote, wa kwenu na wa kwao." Kisha akanigeukia, na mwanangu, nimewahi kutukanwa na wanajeshi, nimewahi kutukanwa na mama mkwe, lakini hakuna aliyenifikia ndani kama yule mzee na sauti yake ya chini. "Hasira ni ya kwako, sikukatazi. Ungeniambia asubuhi, we ukae pembeni, niweke mutu mwingine. Kumbe umeificha, ukampa mwenzako aishukie."

Aliniweka kubeba mchanga, mbali na mtaro. Akasema Melkiori akirudi, yeye mwenyewe ataamua.

Alirudi baada ya majuma kadhaa, amekonda, anatembea mkono umebana ubavu. Kila mtu aliacha kazi asikilize. Mzee Saidi akamuuliza anataka mwenzake awe nani. Melkiori akaninyooshea kidole. "Huyu. Ila leo ashuke yeye. Mi nabaki juu."

Watu wa kwetu walininong'oneza nikatae, nikimbie, huyu anakuja kulipa. Sikukataa. Siyo ushujaa, aibu ilikuwa imenishika miguu. Nikakunja suruali, nikangoja.

Melkiori akashika ngazi, akashuka. Alishuka polepole, kila kipago akisimama apumue, mbavu zinamuuma. Nikamsikia chini anagonga. Alianza mbao ya kwanza na hakuruka hata moja. Kisha nikasikia nyundo inapiga kwa nguvu, mara nne au tano, na kila pigo linafuatwa na mguno wa maumivu. Alipopanda uso ulikuwa umelowa jasho na magoti yamejaa tope.

"Kabari ya tatu ililegea," akaniambia. "Nimeikaza. Nimeonja. Shuka."

Nilishuka. Nilipofika chini niliweka kiganja kwenye ile kabari, nikalia kama mtoto, na juu yangu Melkiori alikuwa ameshika kamba, anajifanya hasikii.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Watu wako kumi na wawili usiwaache wachague wenzao kwa undugu au mtaa. Wachanganye, kisha wabadilishe zamu, ili kila mtu ajue kwamba leo amemshikia mwenzake kamba na kesho atashikiwa. Wakubwa wa kampuni wabane watoe mbao, na usianze mpaka uzione kwa macho yako. Asubuhi waulize watu wako wamelalaje, na anayesema moyo wangu leo haupo, mshukuru, mpe kazi ya juu ya ardhi, usimdhihaki. Anayekosea akakiri, mwadhibu na umbakize. Na usimtume mtu yeyote mahali ambapo wewe mwenyewe hujakanyaga. Siku ukiona uvivu wa kushuka kwanza, vua hiyo kofia, mpe mwingine.

Nenda, mwanangu. Mungu akuwekee juu ya kichwa chako watu wasemao kweli, na wewe akufanye hivyo kwa wenzako. Wote utakaowashusha asubuhi, jioni uwapandishe, uwahesabu, watimie.