Kofia ya Vita Iliyotolewa Sufi

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya kikundi chetu pale Kawajense, mwaka 1991, Mkuu wa Karakana hakuniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nilishukuru, maana niliishia la nne. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Umewahi kupigwa?"

Nikamjibu nimepigwa sana, mzee, nyumbani na shuleni.

"Basi utafaa," akasema, akanipa nyundo.

Huyo alikuwa Mzee Kiyumbi, Mbende wa Karema, mtoto wa mhunzi na mjukuu wa mhunzi. Kikundi chetu kilikuwa kinaonyesha vita za zamani, za enzi za watemi, wakati watu walipojenga boma la miti na wengine wakaja kulivunja wachukue ng'ombe na watu. Tulikuwa watu ishirini na kitu, nusu ndani ya boma, nusu nje. Nasikia vijana siku hizi mnasema nyie wa zamani mlikuwa mnacheza ngoma tu na mikuki. Hapana. Mkuki ulirushwa kweli na ngao ikaupokea kweli. Ngao ikiwa mbovu, mbavu ndizo zilizopokea. Ndiyo maana kazi yangu ilikuwa kazi, na ndiyo maana naiandika.

Mwaka wa kwanza wote nilivuta mivukuto, ile mifuko ya ngozi inayopuliza moto wa mhunzi. Fuawe letu, yaani chuma cha kufulia chuma kingine, lilikuwa kipande cha reli kilichosimikwa kwenye gogo. Mkuki wa vita ya kuonyesha hautengenezwi kama mkuki wa nguruwe. Tulichukua nondo, tukaiweka motoni mpaka iwe rangi ya papai lililoiva, tukaipiga iwe bapa, halafu ncha tukaikunja irudi ndani, iwe nene na ya mviringo kama mdomo wa bata. Kwa mbali unaona mkuki. Ukiugusa, hauna makali hata ya kukata siagi. Mpini tulitumia mti wa mkole, kwa sababu mkole unapinda kabla ya kuvunjika na ukivunjika hautoi vijiti vya kuchoma.

Baada ya kila onyesho ilibidi nikague kila chuma. Chuma kikigongana na chuma kinaota meno madogo usiyoyaona, na meno hayo yanachana ngozi kama msumeno. Mzee Kiyumbi alikuwa anapitisha kitambaa cha pamba juu ya chuma. Kitambaa kikinasa hata uzi mmoja, anakutupia tupa. "Rudia. Huu ni mkuki au ni panya? Mbona unang'ata?"

Mwaka wa pili akanipeleka Kasokola kujifunza ngao kwa fundi mwingine, kwa kuwa huko maji yalikuwa karibu na ngozi zilipatikana. Ngozi mbichi unailoweka, unaikwangua, unaiwamba chini kwa vigingi, unaigeuza kila inapoanza kuwa ngumu. Ukiiacha jua kali siku nzima inapasuka kama chungu. Ukiianua mapema inaoza na mtu atapigana huku anaziba pua. Mwisho unaipaka mafuta ya mnyonyo. Ngao nzuri ukiigonga inajibu kama mlango wa mbao.

Ngozi zilitoka kwa jamaa waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mmoja wao, Masanja, alileta ngozi, akatazama mazoezi, hakurudi tena machungani mpaka babake akaja kumtafuta. Alikuwa mrefu kama nguzo ya simu. Akawa mpiganaji wetu mkubwa, na rafiki yangu.

"Fundi," aliniambia siku moja ameshika ngao mpya, "hii ngozi ni ya ng'ombe wa mama. Ikitoboka utaenda kumweleza mwenyewe."

"Nyie Wasukuma ng'ombe mnamlilia kuliko mjomba."

"Mjomba hatoi maziwa."

Niliporudi Kawajense nikapewa kofia. Hapa nieleze taratibu, maana jambo langu lote liko hapa.

Vita yetu ilikuwa na sheria: hakuna kupiga juu ya mabega. Isipokuwa pigo moja, la mwisho, pale mkuu wa wavamizi anapoangushwa kwa rungu la kichwa na boma linapona. Pigo hilo lilikuwa la kweli. Rungu lilikuwa la mninga, limevikwa ngozi. Niliwahi kumwomba Mzee Kiyumbi tutumie mti mwepesi. Akanikatalia. "Watu hawakuja kuona mto unapiga mto. Tengeneza kofia."

Kofia ya vita ilikuwa na tabaka tatu. Nje ngozi ya ng'ombe yenye manyoya na taji la unyoya. Katikati mikanda minne ya chuma chembamba iliyokutana utosini. Ndani, mto wa sufi, ile pamba ya mti wa msufi, unene wa vidole vinne, uliozunguka kichwa chote. Chuma kinasambaza pigo, sufi inalimeza. Bila sufi, chuma chenyewe kinageuka kuwa rungu la pili. Sufi peke yake inashikana ikilowa jasho, kwa hiyo mimi niliichanganya na manyoya ya kondoo wa kahawia, yakaifanya ijinyanyue tena. Huo ulikuwa ubunifu wangu. Mzee Kiyumbi alipouona hakunisifu, ila kofia zake zote za zamani aliniletea nizifumue nizijaze upya. Kwangu ilitosha.

Na sheria yake nyingine ilikuwa hii: anayetengeneza kofia ndiye anayeivaa kwenye pigo la mwisho. Kabla ya kuivaa, anaiweka chini, anaikandamiza kwa goti mbele ya wenzake. Ikinyanyuka, anavaa. Halafu uwanjani mpigaji anapaza sauti, "Hodi!" Ukiwa tayari unajibu, "Karibu!" Usipojibu, hapigi. Watu walikuwa wanacheka sana hapo, mtu anabisha hodi kichwani kwa mwenzake. Hawakujua kwamba hiyo hodi ndiyo iliyotuweka hai.

Masanja alinipiga kichwani miaka mitatu, Inyonga, Karema, Kasokola, mpaka kwenye vijiji ambako walitupokea kwa uji tu. Sikuwahi kuumwa hata kichwa.

Mwaka 1995 kifua kilimzidi Mzee Kiyumbi, akarudi kwao Karema. Nikawa Fundi Mkuu. Uongozi nao ukabadilika. Mwenyekiti akawa Venance Songoro, mtu wa maneno laini, na Katibu akawa Fidelis Katabi. Nawataja kwa majina kwa sababu wao walilitaja langu. Fidelis alikuwa amesoma, ana mwandiko mzuri, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua ufunguo wa stoo ya vifaa. Akasema mali ya kikundi haiwezi kukaa mikononi mwa fundi. Sikubishana naye. Mwenye kalamu ukibishana naye anakuandika.

Mwaka 1997 tukaambiwa kuna mgeni rasmi anakuja kutoka mkoani, Sumbawanga, na sisi ndio tutamwonyesha vita, uwanja wa Kakese. Wiki nzima Fidelis alihangaika na viti, kwamba viti vya mbao vya ofisi haviwezi kumkalisha mtu mkubwa. Mimi nilihangaika na tupa. Siku yenyewe nilimfuata tangu asubuhi anifungulie stoo nikague kofia.

"Baadaye, Fundi. Usinivuruge."

Alifungua mgeni akiwa ameshaketi na ngoma imeshalia. "Vaa, vaa, muda umekwisha! Mnataka kutuaibisha?"

Nilivaa. Sikuikandamiza kwa goti. Na niseme ukweli wote, kwa kuwa nawadai wengine ukweli: nilipoivuta ikae vizuri niliisikia inalia ndani kama majani makavu. Nikanyamaza. Nilimwogopa mtu mwenye ufunguo kuliko nilivyoogopa rungu.

Tukapigana vizuri. Boma halikuvunjika. Masanja akasimama mbele yangu, jasho linamtiririka, akainua rungu.

"Hodi!"

"Karibu!" nikajibu, kwa sauti kubwa, kila mtu akanisikia.

Nilizinduka hospitali. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umebonyea juu ya sikio, na sikio lenyewe lilikuwa na mlio kama wa nzi ndani ya chupa. Siku ya tatu mlio ukakoma. Nilifurahi, nikadhani napona, kumbe sikio ndiyo limekufa.

Masanja alikuja amevaa koti refu la babake. Alipokaa akatoa kofia ndani ya koti. Aliinyakua uwanjani kabla haijarudishwa stoo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi, nimekuua?"

"Ungekuwa umeniua ningekujibu?"

"Mimi nilipiga kama siku zote. Nilipiga kama siku zote, kaka."

"Najua. Lete kisu."

Tukaichana. Ndani hakukuwa na sufi wala unyoya wa kondoo. Kulikuwa na maganda ya mahindi, makavu, yameshindiliwa vizuri na kushonwa kwa uzi mweupe. Mimi nilishona kwa uzi wa katani.

Siku mbili baadaye wakaja wakubwa, Venance na Fidelis, na machungwa. Venance akaniombea dua fupi. Fidelis akatoa karatasi aliyokwisha kuiandika.

"Weka sahihi tu hapa. Inasema Masanja alipitiliza nguvu. Hawa watu wa kuja hawana kipimo, kila mtu anajua. Polisi watamalizana naye."

Nikamuuliza, "Sufi ya kofia yangu iko wapi?"

"Sufi gani?"

"Ndugu yetu bado kichwa kinamsumbua," akasema Venance kwa upole, akimwambia Fidelis kana kwamba mimi nimelala.

Nilikataa kuweka sahihi. Niliwaambia Masanja alibisha hodi na mimi nikamkaribisha, uwanja mzima shahidi. Fidelis akakunja karatasi yake mara mbili, pole pole.

"Sawa. Kama si aliyepiga, basi ni aliyetengeneza. Chagua mwenyewe."

Nyie mnaosoma, fikirini. Jina la fundi ndilo duka lake. Sikuwa na jingine. Lakini Masanja alikuwa na mama, na alikuwa hajafanya kosa lolote. Nikamwambia Fidelis aandike anachotaka, ila jina la Masanja asilitie.

Nilipotoka hospitali nikaenda kwenye mkutano wa kikundi nikiwa na bandeji. Nilikaa kwenye kiti cha ofisi, kile alichokalia mgeni. Kilikuwa na takia jipya la kitambaa cha maua. Laini sana. Nilipoinuka, likajinyanyua lenyewe. Mikono yangu ikalijua kabla yangu. Nikatoa kisu nikachana kona, mbele ya wote, na sufi ikatoka, nyeupe, imechanganyika na manyoya ya kondoo wa kahawia.

Watu wakainuka kuona. Fidelis akasema, "Sufi ni sufi. Misufi iko kila mahali."

"Na huyu kondoo naye amepanda msufi?" akauliza Masanja.

Wengine wakacheka, na nilidhani kwa kicheko kile nimeshinda. Lakini Venance akainua mkono. "Ndugu zangu, tusichafue jina la kikundi kwa ajili ya takia. Mgeni alifurahi. Tumeahidiwa kuitwa tena." Akaangalia kila uso, mmoja mmoja. Na wale niliowatengenezea ngao miaka mitano, niliokagua mikuki yao kwa kitambaa ili isiwachane, wakaangalia chini. Ikatangazwa kwamba kofia ilikuwa na kasoro ya ufundi na fundi amepumzishwa. Masanja aliondoka siku hiyo hiyo, akaenda na ng'ombe wa babake kusini. Alinikumbatia mpaka bandeji ikalegea.

Kikundi hakikuitwa tena. Bila fundi, ngao zikaoza, mikuki ikaota meno, mmoja akachanwa paja, wakaacha. Mimi nikarudi kwenye majembe na minyororo ya baiskeli. Kwa miaka mingi mteja akileta jembe aliuliza kwanza, "Halitavunjika hili? Si wewe wa ile kofia?" Nilikuwa namjibu, "Ndiyo, mimi," nafanya kazi. Sasa mikono inatetemeka, nimeuzima moto, nimepumzika kweli, si kupumzishwa.

Wapo vijana wananijia wanataka kuirudisha ile vita, wamesikia watalii wanapenda. Nawafundisha bure. Nawaambia chuma kikunje, ngozi ipake mnyonyo, sufi changanya na kondoo. Nawaambia ufunguo wa stoo akae nao mtu anayepigwa. Na ukisikia kofia inalia vibaya, vua, hata mgeni awe nani. Afadhali aibu ya uwanja mzima.

Venance alishafariki, sina neno naye tena. Fidelis yupo, mzee wa heshima, ana fimbo. Tunakutana njiani mara kwa mara hapa Kawajense. Kila mara anavuka barabara anakuja kusimama upande wangu wa kushoto, anasema maneno, midomo yake naiona kwa pembe ya jicho inacheza muda mrefu kuliko salamu. Huenda ananiomba radhi. Huenda anauliza habari za mvua. Sigeuzi kichwa. Upande wa kulia sina tatizo lolote, nasikia hata sindano ikianguka, na Fidelis Katabi anajua hivyo kama anavyojua jina lake. Siku akisimama huko, nitamsikiliza.