Siku Kikokotoo Kilipomtumia Mke Wangu Ujumbe

Aibu hii nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa nusu ya Wakenya wanaosali Abu Hamour, hapa Doha, walikuwepo na wanaisimulia vibaya, acha niisimulie mwenyewe. Mimi ni dereva wa familia moja kule Al Rayyan, shule niliacha darasa la tano, na shamba, ng'ombe na karo ya watoto wanne vyote vimetoka kwenye usukani. Sipendi kufundishwa.

Sasa kuna binti anaitwa Chebet, tunasali naye Ijumaa (huku Jumapili ni siku ya kazi), anatengenezea benki moja ya nyumbani Kenya kikokotoo cha mkopo wa nyumba: unachagua nyumba, unaweka mshahara na miaka, kinakuambia utalipa ngapi kwa mwezi. Baada ya ibada akaomba mtu mzima wa kukijaribu, nikainua mkono kabla hajamaliza. Akaunganisha simu yangu na televisheni kubwa ya ukumbi ili aone kidole changu kinakoenda.

"Mzee Mutiso, ukikwama sema tu 'nimekwama'. Hapo ndipo nataka kupajua."

"Mimi? Nikwame?"

Na kweli nilianza vizuri, tena nikanogewa. Nikachagua vyumba vinne, Machakos mjini, kwa kutaka kuona tu. Kulikuwa na kamstari ka miaka, ukikavuta kulia malipo yanashuka, kushoto yanapanda, nami nikakavuta nijue kanaishia wapi, mpaka Otieno wa sekyuriti akapaza sauti, "Mzee, hapo utamaliza kulipa ukiwa na miaka themanini na nane!" Watu wakacheka, nikacheka pia, nikaendelea kuvuta.

Chini kabisa pakataka nambari ya simu. Nikaweka yangu ya hapa Doha, pakawa pekundu. Nikarudia, pekundu tena (baadaye ndipo nikajua palikubali nambari za Kenya peke yake). Neno la kusema lilikuwa moja tu, 'nimekwama', lakini ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, nikaona heri niweke nambari ya Kenya ninayoijua kwa kichwa, ya mke wangu, halafu nikabonyeza kile kitufe cha kijani nione kinafanya nini.

Hakikufanya kitu. Nikawageukia. "Mnaona? Rahisi."

Simu ikalia. "Mama Ndinda" ikajaa televisheni nzima, nikabonyeza nikidhani nakata, kumbe napokea, na sauti ikatokea kwenye spika za kwaya.

"Baba Ndinda! Benki inasema ombi la nyumba limepokelewa. Vyumba vinne, Machakos mjini! Unamjengea nani?"

"Sikiza, mama, ni majaribio..."

"Majaribio ya mwanamke? Mimi huku nakinga mvua kwa sufuria, kila mwaka unaniambia paa liko karibu. Nauliza, anaitwa nani?"

Ukumbi mzima ukanigeukia, hata watoto. Nadhani na wao walikuwa wanangoja jina.

Chebet akainama kwenye simu. "Shikamoo mama, kosa ni la kikokotoo changu. Mzee alikwama, hakusema."

"Huyo? Huyo hajawahi kusema amekwama tangu anioe." Akavuta pumzi. "Hebu binti yangu, hicho kitu chako, ukiweka paa peke yake kinasemaje?"

Chebet akaweka paa. Tarakimu zikatokea ukutani, malipo ya mwezi, na kila aliyekaa pale aliona ni kidogo kuliko ninavyolipia hii simu yangu mpya niliyokuwa nimeishika. Nilitafuta la kusema, la maana, la mwanamume aliyejitengeneza mwenyewe.

"Nimekwama," nikasema.

Paa limeshapigwa, mabati ya kijani, Mama Ndinda alichagua rangi mwenyewe. Chebet naye ameweka mahali pa nambari za Doha, na ujumbe hauendi mpaka mwenye kubonyeza aulizwe kwanza. Juzi ameniletea kikokotoo kingine nikijaribu, kina kitufe cha rangi ya chungwa ambacho sijui ni cha nini. Ninataka sana kujua. Lakini nimeapa: kwanza nauliza, kwa sauti, mbele ya watu, ndipo nibonyeze.