Verna Kessler, anayewaimbia kulungu Jumapili

Ni Jumatatu jioni na bucha la Verna Kessler halina pa kukanyaga. Kulungu wananing'inia mlangoni, wengine wamelazwa nje juu ya theluji, na waliowaleta wamesimama kando wakipulizia vidole. Verna anavuta ngozi kwa mkono wa kushoto, kisu kiko kulia, na mdomo hauna likizo.

"Huyu nani kampiga tumboni? Clyde, ulimpiga risasi au ulimchokonoa?"

"Alikuwa anakimbia, dada Verna."

"Hata mimi ningekimbia nikikuona na bunduki."

Ana miaka sitini na mmoja. Kazi ya kuchuna na kukatakata kulungu aliirithi kwa baba yake, katika bonde hili hili la kaskazini mwa Pensilvania. Watu huleta mnyama, yeye huwarudishia soseji na nyama ya kukausha. Malipo ya msimu mmoja wa mapukutiko ndiyo yanayonunua mafuta ya kupasha nyumba joto hadi theluji iyeyuke.

Ungedhani mtu kama huyu angefurahia wawindaji kuongezewa siku. Wapi! Bonde zima halina mpinzani mkali wa uwindaji wa Jumapili kumshinda Verna.

"Siku sita nanuka damu," anasema. "Ya saba nataka kunuka sabuni."

Kwa miaka mingi sheria ilikuwa upande wake. Jumapili msitu ulifungwa, bunduki zikalala. Sheria ilipolegezwa, bonde likagawanyika. Kwenye jumba la wazima moto, ambako bonde hukutania, watu walizozana hadi kahawa ikapoa. Kwa akina Kessler, mgawanyiko ulifika mpaka kitandani.

Lamar, mumewe, hupasua mbao kiwandani kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Misimu sita ilipita hajaangusha hata kulungu mmoja.

"Unajua aibu yake?" Lamar ananiuliza kwa sauti ya chini, asisikike buchani. "Mke wangu anachuna kulungu wa bonde zima, na sisi tunakula wa kuonjeshwa. Siku yangu ni Jumapili tu. Niwinde lini, nikifa?"

Amesikika.

"Mungu naye alifanya kazi siku sita!" Verna anapaza sauti kutoka ndani. "Lakini ya saba hakupanda juu ya mti na bunduki!"

Jumapili ya kwanza ya msimu, Lamar aliondoka kabla hapajakucha. Verna akaenda kanisani, akamkuta Mchungaji Rohrer akiwahubiria wanawake, watoto wachanga na mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Kwaya haikuwa na besi hata moja. Damu ikamchemka.

Ibada ilipokwisha hakurudi nyumbani kupika. Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa, kile ambacho wawindaji huvaa wasipigane risasi, juu ya gauni lake la kanisani, akavuta mabuti, akaingia msituni kwao na kuanza kuimba nyimbo za kitabu cha kanisa.

"Nilitaka kulungu wote wanisikie, watoroke," anasema. "Wanaume warudi mikono mitupu, wapate adabu."

Ni lazima kusema neno juu ya sauti hiyo. "Verna haimbi kama anayeomba," anaeleza Mchungaji Rohrer, akichagua maneno. "Anaimba kama anayedai."

Kulungu walimsikia, tena vizuri. Wakatimua mbio kupanda mlima, moja kwa moja kwa wanaume waliokuwa wamekaa huko juu wakiganda. Ubeti wa pili, mlio wa bunduki. Ubeti wa tatu, milio miwili. Verna akazidi kukasirika, na alivyokasirika ndivyo alivyozidisha sauti.

Alipofika kwenye kijito cha huko juu alimkuta Lamar amepiga magoti kando ya dume kubwa lenye pembe za matawi manane, kofia mkononi.

"Nilikuwa nimesinzia, mke wangu," Lamar alimwambia. "Nikasikia sauti yako, nikashtuka nikidhani nimechelewa ibada. Kufumbua macho, huyu hapa."

Verna alikuwa amebeba maneno ya kumtosha mume mpaka Pasaka. Akayameza.

"Alikuwa analia," ananiambia, na kwa mara ya kwanza kisu kimesimama. "Siku ya harusi yetu macho yake yalikuwa makavu kama kuni. Ningesema nini? Nilishika pembe moja, yeye nyingine, tukamburuta. Gauni lile halifai tena."

Kesho yake Clyde alikuja na ombi.

"Dada Verna, Jumapili ijayo utapitia wapi?"

"Kuzimu, nikupitie!"

"Basi ukitoka huko, anzia upande wa barabara. Halafu ubeti ule wa tatu uurudie. Ule wanaukimbia sana."

Alimfukuza kwa ufagio. Lakini usiku alifikiri, na asubuhi akatangaza bei yake: asiyekuja ibadani, haimbiwi.

Jumapili iliyofuata mabenchi yote yalikuwa ya rangi ya machungwa. Bunduki zilibaki kwenye magari, matope yakaingia kanisani, na besi zikatikisa vioo.

"Sijawahi kuitikiwa 'Amina' nyingi hivyo," anasema Mchungaji, "tena kabla sijamaliza sentensi."

Je, Verna amebadili msimamo? "Hata kidogo. Nikipewa kura leo, naufunga msitu."

"Mimi naufungua," anasema Lamar, akimkatia kipande cha pai ya molasi. Amemkatia kikubwa.

Aprili, msimu wa bata mzinga utaanza, na wanaume wameshauliza. Verna anawaonya kwamba ndege huyo hakimbii kelele, akizisikia, hujibu. Hata hivyo ameahidi kwenda, safari hii akiwa ameketi bega kwa bega na mumewe.

"Lamar atabeba bunduki, mimi nitabeba wimbo," anasema, akirudi kwenye ngozi yake. "Bata mzinga akijibu, bonde litaamua nani ana sauti mbaya zaidi, mimi au huyo ndege."